Bunduki Iliyopimwa kwa Mdomo

Habari ilifika ofisi ya wanyamapori kabla ya kufika nyumbani, na aliyeipokea alikuwa karani wa silaha mwenyewe. Ilikuwa saa nne na nusu asubuhi. Mtu wa redio alikuwa ametoka kunywa chai, na redio ilipoanza kukwaruza, karani aliiweka chini bunduki aliyokuwa akiipima, akavuta daftari, akaandika kama alivyozoea: kambi ya pili, nyati aliyejeruhiwa, mtu mmoja amepigwa pembe, amefia njiani. Akauliza ni nani. Sauti ya upande wa pili ilisita, kisha ikasema ni mfuata nyayo. Kambi ya pili ilikuwa na mfuata nyayo mmoja tu, na huyo alikuwa mdogo wa mume wake.

Aliliandika na hilo. Baadaye alikuja kushangaa jinsi mkono wake ulivyomaliza mstari, ukaweka hadi nukta.

Mkuu wa kituo alitokea nyuma yake akausoma ule mstari juu ya bega lake. Jambo la kwanza alilosema lilikuwa, "Daftari la silaha liko wapi?" Alipokwisha kulichukua na kulifungia kabatini kwake ndipo alipokumbuka. "Ni shemeji yako, eti? Pole sana. Nenda nyumbani."

Hakwenda nyumbani moja kwa moja. Alipitia karakana ambako mume wake alikuwa akichomelea geti la mtu. Alisimama pembeni mpaka cheche zikakoma, akamvuta mkono wa shati. Mume akainua kinyago cha chuma, uso umelowa jasho, akidhani ameletewa chakula. "Daktari," karani akasema, akatikisa kichwa.

Daktari lilikuwa jina la utani la marehemu. Alipewa na wenzake kambini kwa sababu alikuwa akiinama juu ya kinyesi cha mnyama, anakigusa kwa kidole, kisha anatangaza umri, njaa na hali ya afya ya mgonjwa. Mama yake alilipenda jina hilo. Wageni walipokuja aliwaambia ana wana wawili, mmoja fundi na mmoja daktari, na kamwe hakuongeza maelezo.

Mama huyo aliishi na fundi na karani katika nyumba ya vyumba vitatu, akilala na wajukuu. Walipoingia wote wawili wakati wa saa za kazi, aliweka chini nguo aliyokuwa akiikunja, akawatazama mmoja mmoja. Hakuuliza. Alisema tu, "Semeni nikiwa nimekaa," akakaa.

*

Siku tatu baada ya mazishi, wakala wa kampuni ya uwindaji alikuja na bahasha na karatasi mbili. Alikaa ukingoni mwa kiti, kama mtu anayeogopa kukichafua au kuchafuliwa nacho. Akatoa pole za kampuni. Akasema bahasha ile ni rambirambi, na kwamba mjane anatakiwa tu kutia sahihi kwamba ameipokea na kwamba amesomewa taarifa ya ajali.

Mjane, msichana mwembamba ambaye bado alikuwa akinyonyesha, alizishika karatasi bila kujua azianzie wapi. Fundi macho yake yalikuwa yameharibiwa na miale ya kuchomelea. Maandishi madogo yalimtoa machozi. "Mpe karani," mama akasema. "Ndiyo kazi yake."

Karani akasoma. Alisoma tarehe, akasoma mahali, akasoma jina la mgeni aliyekuja kuwinda. Kisha akafika pale palipoandikwa kwamba marehemu, kwa uzembe wake mwenyewe na kinyume cha amri ya kiongozi wa msafara, aliingia kichakani kabla ya kuthibitishwa kwamba mnyama amekufa. Mstari uliofuata ulisema silaha iliyotumika ilikuwa ya kipenyo halali, tatu sabini na tano, iliyokaguliwa na kupitishwa na ofisi husika. Huo aliusoma kwa sauti ya chini, upesi.

"Rudi pale juu," mama akasema. "Pale pa uzembe."

Akarudia.

Mama akamwambia wakala kwamba mwanawe amefuata wanyama miaka kumi na tisa na hajawahi kurudi nyumbani hata na mwiba mguuni. Wakala akajibu kwa upole kwamba hiyo ni lugha ya makaratasi tu, haina maana mbaya.

"Kama ni lugha tu," mama akasema, "ibadilisheni."

Wakala akaeleza kuwa taarifa ilikwisha kupelekwa juu. Mama akanyoosha mkono, akaweka kiganja juu ya mahali pa sahihi, akakiacha hapo. Mjane akaiweka kalamu chini. Wakala alingoja kwa adabu, na alipoona kiganja hakiondoki, alizikusanya karatasi zake, akaichukua na bahasha, akairudisha mkobani taratibu mbele ya macho ya wote, akafunga zipu.

Karani alimsindikiza mpaka mlangoni. Hapo nje wakala aliinama kama anayeaga. "Shemeji," akamwambia, "mimi na wewe tunajua nani alikuja dirishani. Tuwaache wazee wapumzike."

Aliyekuja dirishani alikuwa marehemu mwenyewe.

Sheria ya wanyama wakubwa ilikuwa fupi. Nyati, tembo, simba na kiboko hawapigwi kwa bunduki yenye mtutu mwembamba kuliko tatu sabini na tano, yaani milimita tisa na nusu hivi. Chini ya hapo risasi inaingia nyamani inakwama, haifiki penye uhai, na mnyama anaondoka na hasira yake. Kazi ya karani ilikuwa kuhakikisha hilo. Kila bunduki ililetwa dirishani, akaipima mdomo wa mtutu kwa kipimo chake cha chuma, akasoma namba, akaandika, akagonga muhuri. Miaka saba hakuwahi kugonga muhuri juu ya bunduki asiyoiona.

Siku ile wakala alikuja na bunduki moja tu, nyembamba, ya kupigia swala. Ile kubwa ya mgeni, alisema, ilikuwa imekwama uwanja wa ndege wa nchi nyingine, itafika kesho kutwa. Aiandike tu, namba ndiyo hii kwenye kikaratasi. Karani akakataa. Mkuu akatoka ofisini kwake akasema si neno, andika. Karani akakataa tena, kwa heshima, akisema ataiandika ikifika. Wakala akatoka. Baada ya dakika chache akaja Daktari, kofia mkononi, akaegemeza viwiko dirishani.

"Shemeji, usituangushe," alimwambia. "Msimu wote nimeingia porini mara mbili. Huyu mgeni akiondoka leo, mimi narudi kulala mpaka mwakani. Bunduki inakuja. Na hata isipokuja, nitawapeleka kwenye swala, nyati nitawazungusha wasimwone. Hunijui?"

Alimjua. Alicheka, naye akacheka. Akaandika tatu sabini na tano, akanakili namba kutoka kwenye kikaratasi, akagonga muhuri.

*

Fundi hakuwa mtu wa maneno. Jumamosi alirudi kutoka karakana mapema, akamwita mke wake chumbani, akafunga mlango. Alisema mbeba bunduki wa kambi ya pili alipita kazini kwake. Akasimulia bila kumtazama, macho yake kwenye ukuta.

Bunduki kubwa haikufika. Siku ya tatu walimkuta nyati dume peke yake bondeni, na mgeni hakutaka kuambiwa. Alipiga mara tatu begani kwa bunduki ya swala. Nyati hakuanguka hata kwa magoti. Aliingia kichakani akitoa damu kidogo. Daktari alisema waache, wangoje, damu ile ni ya nyama tu, mnyama yu mzima. Kiongozi wa msafara akamwamuru aingie kutafuta njia, kwa sababu jua lilikuwa linapanda na mgeni alikuwa analalamika kiu. Aliingia. Kiongozi, mwenye bunduki nzito, alimpiga nyati akamuua, lakini hapo Daktari alikwisha kuwa chini yake.

"Aliamriwa," fundi akasema. "Yeye ndiye aliyekataa. Halafu wanaandika uzembe." Akamgeukia. "Mbeba bunduki ameniuliza swali. Ameniuliza, mke wako si ndiye anayepima?"

Karani akaketi kitandani.

"Ilipimwa?"

"Haikupimwa. Sikuiona."

Akamwambia yote, mpaka viwiko dirishani, mpaka kicheko. Alipomaliza, mume wake alikuwa amejishika kichwa kwa mikono yote miwili, mikono yenye makovu madogo ya cheche. Karani alitamani apige kelele, au atoke nje aubamize mlango, lakini mume alipoinua uso alisema jambo la mtu aliyekwisha kupiga hesabu.

"Usimwambie mtu. Ukisema, utafukuzwa, na jela iko hapo. Watoto watatu. Mimi mwezi huu nimechomelea geti moja. Na mama asijue. Akijua ni wewe, atakufa. Akijua ni Daktari aliyekubembeleza, atakufa vilevile."

"Na ule uzembe?"

"Daktari hawezi kuusoma tena," fundi akasema. "Wewe bado uko hai."

*

Jumatatu karani alikuta bunduki juu ya meza yake. Ilikuwa kubwa, nyeusi, inanuka mafuta mapya, mbao zake hazina hata mkwaruzo. Mkuu alikuwa amesimama kando yake, mikono mfukoni, na daftari la silaha limefunguliwa kwenye ukurasa ule.

"Imefika," akasema. "Ijumaa. Ipime."

Karani aliitazama namba iliyochorwa kwenye chuma. Ilikuwa ileile ya kwenye kikaratasi.

"Ipime, karani."

Akakichukua kipimo chake, akakiingiza kwenye mdomo wa mtutu. Milimita tisa na nusu na chembe. Halali kabisa. Mkuu akatabasamu kama mwalimu ambaye mwanafunzi wake mzito hatimaye amepata jibu. "Unaona? Bunduki ipo, namba ni hiyo, kipenyo ni hicho. Hukuandika uongo. Alhamisi anakuja mkaguzi kutoka makao makuu. Akikuuliza kama bunduki hii umeipima, utasema nini?"

"Nitasema nimeipima."

"Na itakuwa kweli," Mkuu akasema, akaondoka na bunduki chini ya kwapa kama mtu anayebeba mkate.

Jumatano mjane alikuja ofisini. Hakwenda kwenye dirisha la karani. Hakujua kuna madirisha ya aina mbili, akapanga foleni na watu wa vibali vya kuvua samaki, mtoto mgongoni, akasimama saa nzima. Alitaka kujua lini atalipwa fidia ya mumewe. Kijana wa dirisha lile alitafuta faili, akasoma, akamwambia kwa sauti iliyosikika hadi nje kwamba marehemu alikufa kwa uzembe wake, na uzembe hauna fidia. Watu wote kwenye foleni waligeuka kumtazama mke wa mzembe. Mjane akasema ahsante. Alimwambia kijana yule ahsante, akageuka, akajikwaa kwenye ngazi.

Karani alimfuata mpaka barabarani. Akamkuta amesimama chini ya ukuta, anamtikisa mtoto ambaye hakuwa analia.

"Dada," mjane akasema, "wanataka tuhame kwenye vile vyumba vya kampuni kabla ya mwisho wa mwezi. Hilo si kitu. Lakini wewe mtu wa ofisi, niambie ukweli. Alikuwa mzembe? Maana mimi nilikuwa namwona nyumbani tu. Huko porini sikuwahi kumwona."

Karani akamjibu kwamba hakuwa mzembe. Mjane akamwuliza amejuaje, naye akamwinamia mtoto, akamfunga vizuri mbeleko.

*

Mkaguzi alikuwa mzee mwenye sauti ndogo, mtu wa kuandika kila kitu kwa mkono wake. Alimketisha karani kwenye kiti cha wageni katika ofisi ya Mkuu, akamwomba Mkuu atoke. Mkuu akatoka, lakini hakufunga mlango vizuri.

Mkaguzi akamgeuzia daftari. Akamwuliza kama huo ni mwandiko wake, akasema ndiyo. Kama huo ni muhuri wake, ndiyo. Kama bunduki hii ameipima.

"Nimeipima Jumatatu hii," karani akasema. "Siku niliyogonga muhuri sikuwa nimeiona. Haikuwa nchini."

Kalamu ya mkaguzi ilisimama. Mlangoni palisikika kiatu kikisogea.

"Mama," mkaguzi akasema, "unaelewa unachosema? Ukisema hivyo, kosa la kwanza ni lako."

"Naelewa."

"Aliyempiga nyati alitumia nini?"

"Bunduki ya swala. Mbeba bunduki wao yupo, mwiteni. Na marehemu hakujipeleka kichakani. Aliamriwa."

"Nani alikuambia uandike?"

"Mkuu aliniambia. Wakala aliniomba."

"Mwingine?"

Hapo ndipo alipochelewa. Alimwona shemeji yake na kofia yake, meno yake yote nje. Akajua pia kwamba neno hili moja likiingia kwenye karatasi, halitatoka. Kwamba kampuni italichukua na kusema basi mtu huyu alijitakia mwenyewe, na kule juu wataandika tena neno walilokwisha kuandika, safari hii kwa haki.

"Hakuna mwingine," akasema.

Mkaguzi akaandika. Akampa karatasi atie sahihi, naye akatia, kila ukurasa.

*

Mambo yalikwenda polepole, kisha yakaenda kwa pamoja. Mkuu alihamishiwa kituo kingine. Wengine walisema amepandishwa. Kampuni ilifungiwa msimu mmoja, na kiongozi wa msafara akaondoka nchini kabla hajaitwa. Karani alifukuzwa kazi bila kiinua mgongo na kufikishwa mahakamani, akahukumiwa kifungo cha miezi sita cha nje, kwa hiyo kila Jumatatu na Ijumaa alifagia uwanja wa mahakama akiwa na fulana ya rangi ya machungwa, na watu waliokuwa wakimnyenyekea dirishani walipita wakimwamkia ama wakijifanya hawajamwona. Mjane alilipwa fidia. Akapanga vyumba viwili karibu na shule.

Taarifa mpya ililetwa nyumbani na tarishi. Mama alimtaka jirani aisome, si karani. Ilisema marehemu alitii amri iliyo kinyume cha taratibu, na kwamba kifo chake kilisababishwa na matumizi ya silaha isiyofikia kipenyo cha kisheria, iliyopitishwa na karani bila kukaguliwa. Neno uzembe lilikuwemo, lakini sasa lilikuwa la mtu mwingine.

Jirani alipoondoka, mama aliwaita wote: fundi, mjane, karani. Alikuwa amevaa nguo zake za kutokea.

"Wakala ananitumia maneno kwa watu," akasema. "Anasema mwanangu ndiye aliyekwenda kukubembeleza. Kwamba bila yeye usingegonga muhuri. Nakuuliza mbele ya mume wako na mbele ya mke wa mwanangu. Alikuja?"

Fundi alimtazama mke wake. Mambo yote aliyomkataza kusema, sasa alikuwa anamwomba ayaseme. Ilionekana usoni mwake waziwazi, kama njaa. Mjane alikuwa amemkumbatia mtoto, hapumui.

"Hakuja, Mama," karani akasema. "Alikuja wakala peke yake."

Mama alishusha pumzi. Mabega yake yalishuka, uso wake ukalegea, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi machozi yakamtoka bila shida. "Nilijua," akasema. "Mwanangu asingeweza." Akajifuta kwa upindo wa khanga. Kisha akamgeukia karani, na sauti yake haikuwa ya hasira. "Basi hili ni lako peke yako."

"Ni langu."

"Mimi siwezi kula tena mkononi mwako, mwanangu. Nimejaribu wiki hizi. Hakipiti."

Akamwomba mjane amsaidie kufunga vitu. Havikuwa vingi. Fundi alibeba godoro kichwani, akatangulia, na wajukuu wakawafuata mpaka kona wakidhani ni matembezi.

Aliporudi alimkuta mke wake anasugua sufuria iliyokuwa safi. "Ungesema kweli, angekaa," akamwambia.

"Ulimwona alivyopumua?"

Fundi aliingia chumbani kwa watoto, akakaa juu ya kitanda kisicho na godoro, akabaki huko mpaka alipoitwa kula.

Miezi ikapita. Kifungo kikaisha, karani akapata kazi ya kufua nguo katika nyumba ya wageni upande wa pili wa mji, ambako hakuna aliyemjua. Siku moja maji yalikatika, akasimama kwenye foleni ya bomba la mtaa. Mwanamke aliyekuwa mbele yake, mtu wa kupenda mazungumzo, alimsimulia habari za bibi mmoja jirani yake karibu na shule, anayemweleza kila mgeni jinsi mwanawe alivyouawa na nyati. Kijana hakuwa mzembe hata kidogo, mwanamke akasema, hata serikali imeandika. Aliyemuua ni mke wa kaka yake, mtu wa ofisini, alipitisha bunduki mbovu kwa tamaa yake. Hata hakuombwa na mtu.

"Na watu wa namna hiyo bado wanaishi," mwanamke akasema. "Sijui wanalalaje."

Foleni ilikuwa imesogea. Karani akamwambia ni zamu yake, akamsaidia kuiweka ndoo chini ya bomba.